Siku ambayo kamera haikutoka kwenye begi

Ujumbe wa sauti uliingia saa mbili usiku, tukausikiliza wote watatu hapa ofisini Sinza huku tukisubiri chipsi. Mteja, mwenye kampuni ndogo ya kupeleka watalii Kilwa, tunayemtengenezea video ya kutangaza magofu ya kule, alikuwa ameisoma upya profoma yake, ile karatasi ya makadirio ya bei, na kukutana na mstari unaosema "ukaguzi wa eneo, siku mbili", yaani kwenda kupaangalia mahali kabla ya kushuti.

"Kaka, hapo mmenipiga," akasema. "Nimemuuliza dereva wangu, anasema siku zote mbili kamera haikutoka kwenye begi. Mmezunguka, mmepiga stori na wazee, mmekula samaki, mmerudi Dar. Mimi nalipia nini?"

Dereva alisema kweli. Kamera haikutoka. Na kwa kuwa malalamiko haya hatuyasikii mara ya kwanza, nayajibu hapa kwa kirefu, ili siku nyingine nitume linki tu.

Watu wanadhani video ya kutangaza magofu ni rahisi kuliko video ya harusi. Kwenye harusi bibi harusi anachelewa, umeme unakatika, mjomba anasimama mbele ya kamera wakati wa keki. Magofu yametulia palepale miaka mia na mia, unafika, unashuti, unaondoka. Sawa, magofu hayatembei. Jua linatembea, maji yanatembea, na mwenye ufunguo wa geti naye ana shughuli zake.

Kazi yetu ya kwanza Kilwa tuliifanya bila ukaguzi. Mteja wa wakati ule alisema ana kijana anayepajua, sisi tulikuwa na njaa ya kazi, tukakubali kuufuta mstari. Tukatoka Dar usiku, tukafika Kilwa Masoko tumechoka, tukapanda boti saa nne asubuhi kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani, kwenye magofu. Ilikuwa siku moja baada ya mwezi mpevu. Mvuvi yeyote wa pwani hii angetuambia maana yake bila hata kuangalia baharini: hilo ni bamvua, maji makubwa ya mwezi, na saa nne asubuhi maji yamekupwa yakaisha. Hatukumuuliza mvuvi yeyote. Boti ikakwama mbali na ufukwe, tukashuka. Mpiga picha wetu akavua viatu, akajitwika sanduku la lenzi kama gunia la mkaa, tope linamfika magotini, nahodha anamwelekeza kwa kidole pa kukanyaga. Hadi tunafika chini ya kuta za Gereza, gofu lililo ufukweni, alikuwa ameshakatwa unyayo na chaza, na stendi moja ya kamera imeingia tope kwenye viungo. Tunayo mpaka leo, ukiifungua inalia.

Msikiti Mkuu tukaufikia inakaribia saa sita. Hapo kamera ilitoka, tena zote mbili, na tungeziacha kwenye begi ingekuwa nafuu. Ukuta wa matumbawe na chokaa unataka jua la ubavuni, ndipo kila jiwe linajitokeza na kivuli chake. Jua likiwa utosini ukuta unakuwa bapa kama boksi la kadibodi, na chini ya yale makuba unapata mashimo meusi tu. Mhariri wetu alihangaika na vile vipande siku tatu. Mwishowe tukarudi. Mteja alilipa boti mara mbili, malazi mara mbili, na watu wanne mara mbili. Alichookoa kwa kufuta ukaguzi ni laki tano. Alichotoa baadaye ni milioni mbili na ushee, na sisi hatukupata faida hata ya soda.

Tangu siku hiyo ule mstari haufutwi. Anayetaka ufutwe tunamshukuru, tunamwelekeza kwa wenzetu.

Nieleze kidogo kuhusu jua, maana hapa ndipo wateja wanapotuona tunatafuta visingizio. Kilwa iko karibu kusini kabisa ya Makka, kwa hiyo kibla ya msikiti, upande wanaoelekea wanaosali, ni kaskazini. Ile sehemu ya kale kabisa, ya karne ya 11, haina paa tena. Kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwishoni mwa Februari jua la mchana hupita upande wa kusini, linaimulika usoni mihrabu, kile kishubaka cha ukutani kinachoonyesha kibla. Juni na Julai jua limehamia kaskazini, nyuma ya ukuta wa mihrabu. Ukisimama pale mchana unapata mihrabu ndani ya kivuli na anga nyeupe iliyoungua juu yake. Kaole, pale jirani na Bagamoyo, hesabu ni ileile. Sasa wateja wengi wanataka kushuti Julai, kwa sababu hakuna mvua na wageni wapo. Inawezekana, lakini mihrabu inabidi tuipige mapema, jua halijapanda, na ili tuwe pale mapema lazima maji yaturuhusu kushuka. Na Julai kusi, upepo wa kusini, inavuma. Droni inayumba, na kwenye boti hata mwenye tumbo la chuma anatapika.

Halafu kuna kuahirisha. Bwana wetu wa ujumbe wa sauti alisogeza siku ya kushuti wiki moja mbele, kwa meseji ya maneno matano. Kwake ni wiki moja tu. Lakini maji husogea kama dakika hamsini kila siku, kwa hiyo baada ya wiki mambo yamegeuka: saa ambayo yalikuwa yamekupwa, sasa yamejaa. Ratiba nzima tuliyoipanga kwa saa tukaichana. Hatukumtoza hata shilingi kwa hilo, na nalisema hapa kwa sababu kwenye ule ujumbe wake hakulitaja.

Daftari la zile siku mbili ninalo mezani. Ukurasa mmoja unasomeka hivi: "Mbuzi wanapita mbele ya msikiti kila asubuhi, wasifukuzwe, wanapendeza. Bi mkubwa wa nyumba ya pili amekubali kupigwa akisuka ukili, mikono tu, uso hataki. Husuni Kubwa ni mwendo kwa miguu, beba maji, betri zigawanywe. Lile bwawa la pembe nane: linataka droni, ukisimama chini halieleweki." Mstari huo wa mwisho peke yake unalipa safari. Husuni Kubwa ni jumba la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, la mwanzoni mwa karne ya 14, na ukilipiga vibaya mtazamaji anaona mawe yaliyobomoka porini.

Kwa hiyo zile "stori na wazee" ndizo kazi yenyewe. Skripti aliyotuletea bwana huyu wa ujumbe wa sauti ilisema wafungwa walilia ndani ya Gereza, ikashauri tuweke mlio wa minyororo. Tulimsomea mzee mmoja pale kisiwani baada ya kumwamkia, akacheka mpaka akakohoa. "Wanangu, gereza kwa watu wa pwani zamani ni ngome," akasema. Wareno walijenga ngome pale mwaka 1505, na jengo unaloliona leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani waliokuja baadaye. Skripti hiyohiyo ilisema magofu yako kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini. Yaliingizwa huko mwaka 2004, yakatolewa 2014. Yeye alinakili kijitabu cha zamani. Hebu fikiria unawauzia watu safari kwa kuwaambia kitu unachowapeleka kuona kinakufa, na si kweli. Kilichobaki kwenye skripti baada ya kuichuja ni Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331, na hapo ndipo video yake inapoanza.

Vibali sitavieleza sana. Bodi ya Filamu, wanaosimamia magofu, na kama kuna droni, TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) pamoja na ridhaa ya upande wa ulinzi. Havipatikani kwa siku moja na havipatikani kwa "nina mtu pale". Mteja mmoja alituambia droni tusihangaike nayo, atakuja nayo binamu yake. Binamu akairusha dakika kumi. Droni ikalala kituo cha polisi wiki tatu, na sisi tukalala gesti siku mbili zaidi tukiandika maelezo.

Muziki nao. Njia ya mkato ni kuchukua wimbo unaotamba, kuubandika, kurusha. Tulimfanyia mteja mmoja video ya Bagamoyo, tukamrekodia ngoma palepale kwa kikundi cha vijana tuliowalipa wakasaini. Akaona ngoma imepoa, akamwambia mpwa wake abadilishe, aweke wimbo wa redioni. Video ikanyamazishwa siku ya pili, siku ambayo alikuwa ameshailipia tangazo. Akatupigia sisi kutulaumu.

Na Kaole ndiko tulikopata aibu ambayo sijaisahau. Mteja alitaka mrembo aliyevaa gauni refu aegemee nguzo ya kaburi. Sisi hatukuwa tumezungumza na mtu pale kijijini, tukaona ni picha nzuri, na kusema ukweli ilikuwa nzuri. Mama mmoja aliyekuwa anapita na kuni akasimama, hakupiga kelele, akauliza tu: "Na kwenu makaburi mnayafanya hivi?" Tukazima kamera. Kile kipande hatukukitumia, ingawa mteja alikilipia na alikitaka. Ningemuuliza mtu yeyote siku moja kabla, asingeegemea pale.

Bei, basi. Siku ya ukaguzi tunatoza laki mbili na nusu, tunakwenda watu wawili, na ndani yake kuna mafuta ya gari, boti, kulala na daftari ambalo mteja anapewa nakala yake. Tukikosea saa ya maji baada ya kukagua, kurudi ni kwa gharama zetu. Imetokea mara moja, tukarudi, hatukumwambia hata mteja. Anayekuja na bei ya nusu yetu muulize swali moja tu: atavuka saa ngapi na kwa nini saa hiyo. Akijibu "tutaona hukohuko", ujue laki tano zako zinaelekea wapi.

Na ukija ofisini njoo na mambo matatu, utaokoa pesa bila kukata mstari wowote: nani unataka aione (mwalimu wa Mbeya anayepanga ziara ya shule na mtalii wa Ujerumani hawatazami video moja), mwezi gani unataka ianze kufanya kazi, na nani wa pale mahali tunaweza kumpigia simu kabla. Simu ya kijana wako mwenye iPhone iache kwa picha za nyuma ya pazia. Huko inafaa sana na huwa tunazitumia.

Bwana wa ujumbe wa sauti nilimjibu kwa kumtumia picha ya ukurasa wa daftari na sekunde ishirini za mwanzo wa video yake: mihrabu, saa moja asubuhi, mbuzi wawili wanapita. Alituma kidole gumba. Video imekamilika, ina dakika mbili na sekunde tano. Fungu la tatu la malipo halijaingia bado.