Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Siku ya Wauguzi Duniani, Siku ya Afya ya Akili, ziara za wodini na vikao vya kamati vilifanyika kama ilivyo kawaida, nanyi mnavijua.

Jambo linalohitaji maelezo ni uamuzi wa kutumia fungu lote la mafunzo, shilingi 1,800,000, kwa semina ya nafasi ya muuguzi katika Ayurveda, yaani tiba ya jadi ya India, na afya ya akili, uamuzi ambao baadhi yenu, kwenye kundi la WhatsApp na si kikaoni, mliuita kuupigia debe uganga wa Kihindi. Tiba mbadala ina sheria yake hapa Tanzania tangu 2002, na India wana wizara kamili ya tiba hizo tangu 2014, pamoja na taasisi ya serikali ya Ayurveda ya magonjwa ya akili huko Kottakkal, Kerala. Wagonjwa wetu wanaotumia ashwagandha, mmea wa dawa wa Ayurveda, aghalabu hawamwambii daktari. Humwambia muuguzi anayegawa dawa za usiku.

Charaka Samhita, kitabu cha kale cha Ayurveda, hutaja nguzo nne za tiba, yaani tabibu, dawa, muuguzi na mgonjwa, na humtaka muuguzi awe na ujuzi wa kuuguza, ustadi, upendo kwa mgonjwa na usafi. Katika shirodhara, mojawapo ya tiba za Ayurveda, mafuta ya uvuguvugu hutiririshwa polepole kwenye paji la uso la mgonjwa aliyelala chali. Mhudumu ndiye anayepima joto la mafuta, anayeyakinga macho na anayekuwa karibu mgonjwa anapoanza kusema yaliyomsibu. Semina haikuficha hatari pia: mgonjwa anayetumia lithiamu, dawa ya hospitali ya magonjwa ya akili, akipewa dawa ya kuharisha, iliyo sehemu ya panchakarma, yaani tiba ya Ayurveda ya kusafisha mwili, hupoteza maji na chumvi, na lithiamu inaweza kupanda mwilini hadi ikawa sumu. Baadhi ya dawa za Ayurveda, zaidi ya hayo, zimewahi kukutwa na madini ya risasi na zebaki. Asiyeuliza mgonjwa anatumia nini atayajuaje haya?

Kati ya wanachama 64 walihudhuria 19, na wanne waliondoka mara baada ya chai. Upungufu wa gharama za ukumbi niliulipa mwenyewe, jambo ambalo silitaji ili nisifiwe. Waliolipa ada ni 27. Waliobaki wanadaiwa jumla ya shilingi 1,110,000, wakiwemo waliolalamika kwa sauti kubwa kuhusu matumizi ya fedha za chama.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kuandaa mwongozo mfupi wa kumuuliza mgonjwa kuhusu tiba mbadala anapolazwa, pindi fedha zitakapopatikana. Mweka hazina anapokea ada siku zote za kazi.