Kipimo cha damu hakisemi kama umepona H. pylori

Mhariri,

Moshi na Arusha hawakosekani wagonjwa wa kiungulia na tumbo kujaa gesi ambao wameshameza dozi ya vidonda vya tumbo zaidi ya mara moja, na kila wakirudi maabara wanaambiwa bado wana H. pylori, bakteria wanaosababisha vidonda hivyo. Mara nyingi tatizo ni kipimo. Kile cha damu hutafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na bakteria, na kingamwili hubaki mwilini miezi, hata miaka, baada ya bakteria kufa. Anayetaka kujua kama amepona apime choo, angalau wiki 4 baada ya kumaliza antibiotiki, na awe ameacha omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, kwa wiki 2. Omeprazoli huwapunguza bakteria bila kuwamaliza, hivyo majibu yanaweza kusoma hawapo kumbe wapo.

Dozi iliyozoeleka ni omeprazoli mg 20, amoksilini g 1 na klarithromaisini mg 500, kila moja asubuhi na jioni, siku 14. Hesabu vidonge kabla hujaondoka dirisha la dawa: amoksilini za mg 500 ziwe 56, hizo nyingine 28 kila aina. Pakiti zinazouzwa zikiwa zimepangwa tayari nyingi ni za siku 7, na mteja huondoka akiamini amebeba dozi nzima. Omeprazoli imezwe nusu saa kabla ya kula, zile antibiotiki mbili baada ya kula. Klarithromaisini hufanya mdomo uwe mchungu, na tumbo huweza kuharisha kidogo. Wengi hukatisha hapo, wakiacha hai bakteria walio wagumu zaidi.

Mwenye mzio wa penisilini asiguse amoksilini. Daktari anaweza kumpa metronidazoli badala yake, na hapo mbege na bia zisubiri mpaka siku 3 baada ya kidonge cha mwisho. Anayetumia dawa za kifafa au za kolesteroli aseme mapema, maana klarithromaisini hugombana na baadhi yake.

Dozi ikishindwa, kurudia ileile ni kupoteza hela. Inayofuata kwa kawaida ni bismathi, tetrasaiklini, metronidazoli na omeprazoli pamoja. Bismathi hufanya choo kiwe cheusi, hilo lisimtishe mtu.

Tuwe wakweli pia: kwa mgonjwa asiye na kidonda, kuua bakteria huondoa kero kwa takriban mmoja tu kati ya 14 wanaotibiwa. Wengine waulizwe kwanza kuhusu diklofenaki na ibuprofeni, dawa za maumivu zinazoweza kuumiza tumbo, wanazomeza kwa ajili ya mgongo. Anayetapika damu, anayekonda bila sababu, anayekwamwa na chakula, au anayepata choo cheusi kama lami bila kutumia bismathi wala vidonge vya madini ya chuma, huyo si wa duka la dawa. Aende hospitali yenye kipimo cha kamera, kama KCMC.

Maabara nazo ziandike kwenye karatasi ya majibu kilichopimwa, damu au choo. "H. pylori positive" peke yake haimsaidii anayeandika dawa.

Mfamasia, Moshi