Winchester, anza na sakafu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Umesema mnakwenda kulitazama kanisa kuu la Winchester, Uingereza. Wengi wakiingia huinua shingo kutazama dari. Wewe unayesomea ujenzi, inama kwanza.

Kwenye ujia wa kaskazini utalikuta jiwe la kaburi la Jane Austen, mwandishi wa riwaya wa Kiingereza, aliyefariki tarehe 18 Julai 1817 akiwa na miaka 41. Lisome lote. Linausifu wema wa moyo wake, upole wake na vipaji vya akili yake, ila hakuna mahali linaposema aliandika riwaya. Alipokuwa hai vitabu vyake vilichapishwa bila jina lake. Ubao wa shaba ulio ukutani, wa mwaka 1872, ndio uliokuja kuyataja maandishi yake, tena kwa gharama ya mtoto wa kaka yake. Miaka 55 imepita hapo! Mimi huona ubao huo una uzito kuliko dirisha la vioo la 1900 lililo juu yake.

Kisha nenda upande wa mashariki. Sehemu hiyo iliongezwa karne ya 13 juu ya magogo yaliyolazwa kwenye mboji iliyolowa maji, na kufikia 1905 kuta zilikuwa zimeinama na kupasuka. Mafundi walichimba chini ya msingi, mashimo yakajaa maji. Kuyavuta kwa pampu kungefyonza na udongo, ukuta ungezidi kutitia. Ndipo alipoletwa mzamiaji William Walker. Kuanzia 1906 hadi 1911 alishuka hadi mita 6 hivi, kwenye giza tupu, akifanya kazi kwa kupapasa. Zingatia utaratibu: mboji iliondolewa mpaka kwenye changarawe ngumu, Walker akapanga mifuko ya zege kuziba chini, na maji yalipozuiwa ndipo yakapampiwa nje, waashi wakajenga kupanda hadi kuukamata msingi wa zamani. Ilikwenda mifuko 25,800, matofali ya zege 114,900 na ya kuchoma yapatayo 900,000.

Walker naye alicheleweshewa haki yake: sanamu ya kumkumbuka iliyozinduliwa 1964 ilibeba sura ya Francis Fox, mhandisi wa kazi hiyo. Yenye sura ya Walker ilikuja 2001.

Chumba cha chini ya kanisa hufurika hadi leo wakati wa baridi, na hapo wageni huishia kwenye jukwaa la kutazamia. Uliza hali yake kabla hamjasafiri.

Baba yako