Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka Tuliomsoma Grace Poole

Ndugu wanachama,

Kama katiba yetu inavyoagiza, nawasilisha kwenu taarifa ya kazi za chama kwa mwaka unaomalizika. Mambo ya fedha atayaeleza mweka hazina. Mimi nitasema tu kwamba vitabu tulivyoagiza vimefika vyote, na waliochelewa kulipa ada wamelipa. Namshukuru sana katibu, ambaye kila kikao kilipokwisha alihakikisha kumbukumbu zinatufikia wakati mjadala ungali moto vichwani mwetu.

Katika mkutano mkuu uliopita mliazimia kwamba mwaka huu tusiishie kusoma, bali tuandike: tuchukue riwaya kongwe moja, tuisimulie upya kwa mdomo wa mhusika ambaye mwandishi alimpitisha pembeni. Kamati ilichagua Jane Eyre ya Charlotte Brontë, iliyochapishwa London mwaka 1847. Humo Jane, mwalimu wa mtoto, anampenda Rochester, mwenye jumba la Thornfield, na arusi yao inavunjika ikijulikana kwamba mke wake wa kwanza yu hai, amefungiwa humo humo kama mwenda wazimu. Tuliichagua kwa sababu kazi ya namna hiyo imekwisha kufanyiwa riwaya hiyo hiyo, tena na fundi, na tulitaka tumwangalie fundi kabla ya kushika randa.

Fundi huyo ni Jean Rhys. Alizaliwa Roseau, kisiwani Dominica, mwaka 1890, akapelekwa Uingereza akiwa na miaka 16. Mwaka 1966 alitoa Wide Sargasso Sea, riwaya inayomsimulia mke wa kwanza wa Rochester, yule mwanamke kutoka Jamaika aliyefungiwa orofa ya juu ya Thornfield. Tulianza kwa kujiuliza Brontë mwenyewe alimwachia Rhys nini. Mke huyo haongei neno hata moja mbele ya msomaji. Tunamsikia akicheka na kunguruma, tunamwona akitambaa, basi. Lakini baada ya kaka yake, Mason, kung'atwa usiku, yeye anasema kwamba dada yake alimwambia atainyonya damu ya moyo wake. Kumbe anasema! Ana lugha, ana hasira yenye maneno, na ana mtu anayemlenga. Nyingine ni mahari ya pauni 30,000 aliyokuja nayo, inayotajwa mara moja na kupitwa. Katika vijitundu kama hivyo ndimo Rhys alimopenyeza utoto, shamba linaloanguka baada ya utumwa kukomeshwa, nyumba inayochomwa moto, na mume anayembadilisha mkewe jina.

Kikao kile kilituamulia mambo mengi. Wengi tulikuja tukidhani kusimulia upya ni kuvunja nyumba ya mwenzako na kujenga yako palepale. Rhys alitufundisha kwamba ni kusoma kwa uangalifu kuliko hata wanaoipenda riwaya ile, mpaka uone mahali mwandishi alipotaja jambo akaliacha.

Sasa, mke wa Rochester amekwisha kupata msemaji. Sisi tulimchagua Grace Poole.

Kwa ambao hawakuhudhuria: Grace ni mwangalizi wa mgonjwa yule. Ni mwanamke mwenye nywele nyekundu na mwili wa miraba minne, umri kati ya miaka 30 na 40, na sura ngumu isiyo na urembo. Jane anapozunguka nyumba kwa mara ya kwanza anasikia kicheko cha ajabu. Bibi Fairfax, msimamizi wa nyumba, anaita, "Grace!" Mlango unafunguliwa, Grace anatokea, anaambiwa kelele zimezidi na akumbuke maagizo aliyopewa. Anakunja goti kwa heshima bila kusema kitu, anarudi ndani. Kuanzia hapo mpaka arusi inapovunjika kanisani, karibu nusu ya riwaya, kicheko cha mtu mwingine kinahesabiwa kuwa chake, naye anakibeba. Ni sehemu ya ajira yake.

Napenda nikae kidogo kwenye asubuhi ya baada ya kitanda cha Rochester kuchomwa, kwa sababu ndipo kazi yetu ilipopata uhai. Jane anapita, anamkuta Grace ameketi chumbani akishona pete kwenye mapazia mapya, ametulia kabisa. Jane anaamini huyu ndiye aliyewasha moto, anashangaa uso wake haubadiliki. Grace anaeleza kwamba bwana alisinzia mshumaa ukiwaka. Kisha anamuuliza Jane kama alisikia kitu, na kama ana kawaida ya kutia komeo mlangoni usiku. Jane anawaza: shetani huyu anataka kujua mwenendo wangu apate kunidhuru. Lakini isome tena ukiwa unajua siri. Anayeuliza ni mfanyakazi ambaye mgonjwa wake alimponyoka usiku, anayejua kwamba msichana huyu analala ghorofa iliyo chini tu ya hatari, na aliyekatazwa kumwambia ukweli. Amebakiwa na njia moja tu ya kumlinda: kumshauri afunge mlango. Anamshauri, na analipwa chuki. Maneno ni yaleyale ya Brontë, hatukuongeza hata nukta, na maana imegeuka yote.

Nawaomba wote walioandika rasimu wairudie sura hiyo ya 16 kabla ya kusahihisha kazi zao.

Rasimu zilizofika mezani kwa kamati zilinifurahisha, na nitasema wazi zipi ziliniridhisha zaidi. Zile zilizompa Grace mapenzi ya siri na Rochester zilikuwa dhaifu. Jane mwenyewe anawaza hivyo kwa muda, tena kwa wivu, na ukilichukua wazo hilo umechukua macho ya Jane ukamvalisha Grace. Zile zilizomfanya malaika zilichosha haraka. Zilizosimama imara ni zile zilizoanza na mshahara, funguo na saa za kazi. Kwenye riwaya watumishi wananong'ona kwamba mshahara wa mtumishi mwenzao Leah haufiki hata sehemu ya tano ya ule wa Grace, na kwamba kila robo mwaka Grace anakwenda kuweka akiba benki huko Millcote. Jane, kwa kumfundisha mtoto, analipwa pauni 30 kwa mwaka. Tunaambiwa pia kwamba katika saa 24 Grace anakaa na wenzake saa moja tu, nyingine zote yuko juu na mgonjwa. Ana mtoto wa kiume anayefanya kazi ya uangalizi huko Grimsby Retreat, nyumba ya wagonjwa wa akili alikotoka yeye. Mama anaweka akiba, mtoto yuko mbali, mlango umefungwa: hapo pana riwaya nzima.

Mwanachama wetu mmoja ambaye ni muuguzi alisema jambo lililonyamazisha kikao. Alisema mtu mmoja kumwangalia mgonjwa wa namna ile usiku na mchana, miaka kumi, bila mwenzake wa kumpokea zamu, lazima aanguke mahali fulani. Grace aliangukia kwenye chupa. Mwenye nyumba ya wageni anayesimulia moto wa mwisho anasema mgonjwa alichukua funguo mfukoni mwa Grace aliyekuwa amelala baada ya kunywa. Hapo lawama zote za Thornfield zinamwangukia mwajiriwa. Na baada ya moto? Adèle, mtoto aliyefundishwa na Jane, alikwisha kupelekwa shule kabla yake, na Bibi Fairfax alikwisha kuondoka na posho ya maisha. Grace hatajwi tena. Natamani rasimu zetu ziende huko pia, maana wengi wameishia usiku wa moto.

Rhys aliliona hilo kabla yetu, nalo ni jambo la heshima kwake. Sehemu ya tatu ya riwaya yake inafunguliwa na sauti ya Grace, kurasa chache tu, akizungumzia malipo na jinsi nyumba kubwa ile inavyomkinga mwanamke na ulimwengu wa nje.

Hapa pana suala la hakimiliki ambalo kamati inataka liheshimiwe. Brontë alifariki mwaka 1855, kazi yake ni huru. Rhys alifariki mwaka 1979, na sheria ya Uingereza inalinda kazi kwa miaka 70 baada ya kifo cha mwandishi. Hivyo msitumie watu wala mahali vilivyobuniwa naye, kama mtumishi Christophine na shamba la Coulibri. Jina Bertha Antoinetta Mason limo kwa Brontë, hilo halina tatizo. Mnakumbuka Alice Randall, aliyeisimulia upya Gone with the Wind mwaka 2001 kwa sauti ya binti aliyezaliwa utumwani: warithi wa Margaret Mitchell walimfikisha mahakamani, kitabu kikazuiwa kabla mahakama ya rufaa haijakiachia, na mwaka uliofuata pande mbili zikapatana. Sisi hatuna wakili wa kututetea namna hiyo.

Tulisoma pia James ya Percival Everett, inayoisimulia upya Huckleberry Finn ya Mark Twain kwa sauti ya mtumwa Jim, iliyopata tuzo ya Pulitzer mwaka 2025, lakini muda ulikuwa mfupi na mjadala haukufika mbali. Napendekeza turudi kwake.

Kwa mwaka ujao kamati inaleta mapendekezo mawili. La kwanza, rasimu za Grace Poole zikusanywe ziwe kijitabu kimoja, na zilizosahihishwa zimfikie katibu kabla ya mwisho wa Machi. La pili, tuhamie Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951. Humo Karama, mshitakiwa, anasimama barazani siku baada ya siku akiwasimulia wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali na kuambulia kifungo. Yeye ndiye anayesema. Wao wamo gerezani. Nani atamsimulia mmoja wao kutoka ndani, akisikia kwamba kuna mtu huko nje anaitetea safari yake? Kamati itaulizia kwanza kwa wachapishaji kuhusu ruhusa.

Mapendekezo yote mawili yatapigiwa kura leo, baada ya taarifa ya mweka hazina na kabla ya uchaguzi wa wajumbe wapya wa kamati.

Mwenyekiti