Mchango wa ghala na sakafu yetu ya karafuu hapa Wete, Pemba, mtushike mkono kabla vuli haijatukuta

Assalam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nawasalimu nyote, wa nyumbani na mlioko Unguja, Dar, Mombasa, Maskati, London na kwengine kokote ambako Mpemba kafungua duka (yaani kote). Nimetumwa na kamati niandike hii barua, nimeambiwa niandike fupi, lakini nyinyi mnanijua.

Wenzetu wengine wangeuita huu wito wa harambee, sisi tushazoea kuita mchango, jina si kitu. Kitu ni lile ghala la karafuu pale juu ya njia ya kuteremkia bandarini pamoja na sakafu yake ya kuanikia. Ghala linavuja upande wote wa kibla, sakafu imepasuka katikati mana mzizi wa ule mwembe mkubwa umepita chini yake ukaiinua kama mtu anayeinua mgongo, na watoto 64 wa chuo cha Qur'ani wanasoma humo ndani kila siku baada ya alasiri. Masika iliyopita bati moja liliporomoka watoto wakiwa wamekaa. Alhamdulillahi halikumpata mtu, lilianguka pale tunapoweka viatu, lakini misahafu 11 ililowa na mwalimu siku ile alifunga chuo mapema akaenda kukaa peke yake kwenye baraza, hasemi na mtu.

Sasa kwa vijana wetu ambao mmezaliwa karafuu zishakuwa hadithi, ngoja nieleze kwanini tunang'ang'ania jengo lile lile na hatujengi jipya kwengine, mana hilo suali limeulizwa sana kwenye grupu.

Hii Wete karafuu ndizo zilizoifanya mji. Wazee wanasema kimbunga cha mwaka 1872 kilipiga Unguja kikaangusha mikarafuu mingi sana, Pemba ikasalimika, tangu hapo karafuu ya Zanzibar sehemu kubwa ni ya kwetu mpaka leo hii. Mwaka 1927 ikaja CGA, chama cha wenye mashamba ya karafuu cha wakati wa mkoloni, baada ya Mapinduzi watu wakagawiwa mashamba eka tatu tatu, 1968 likaundwa shirika la biashara la serikali, ZSTC, na miaka yote hiyo mbele ya macho yetu kilichokuwa kikipita ni kitu kimoja tu, polo (magunia) za karafuu zinashuka njia ile kuelekea bandarini. Ukikaa hapa msimu wa karafuu hujui kama kuna harufu, mpaka uondoke. Mimi nilijua nilipokwenda kusoma Unguja, nikafungua begi langu siku ya kwanza shati likanuka nyumbani, nikaingia chooni nikalia, umri miaka 15 huo.

Ile sakafu ndiyo ilikuwa uani kwa mtaa mzima. Karafuu ikichumwa mchana, jioni inaletwa hapo mbichi bado iko na makonyo yake, usiku ndio kuchambua. Wanawake na watoto mnakaa duara duara kwenye majamvi, chemli katikati, kila mtu na fungu lake, unashika kichala unakizungusha kwenye kiganja karafuu zinaanguka huku makonyo unatupa kule, kiganja kinakuwa cheusi kinanata na kinawasha ukijisahau ukajikuna jicho. Hapo ndipo hadithi zote nilizisikia, paukwa pakawa mpaka usingizi unakushika umelalia makonyo. Na hapo ndipo habari zote za mtaa zilipita, nani kaposwa, nani kaanguka mkarafuuni kule Mzambarauni akavunjika nyonga, nani kaonekana na nani (majina sitayataja, wengine mmo humu humu na sasa ni mahaji).

Asubuhi zinaanikwa. Siku nne tano za jua kali kama mbingu ina huruma, unazigeuza kwa mguu unakokota unyayo kama unacheza, na mtoto mmoja lazima akae na macho juu kuangalia wingu. Wingu likitokea ukipigwa ukelele tu hakuna anayeuliza karafuu za nani. Nnakumbuka tulikuwa tunatoka chuoni, tunatoka jikoni, wanaume wanaacha bao na kahawa yao, watu wanakusanya za jirani kwanza kisha zao, kwasababu karafuu ikinyeshewa nusu kavu inapauka na bei imekwenda. Mama yangu aliwahi kuacha mchuzi wa pweza motoni ukaungua kwa ajili ya karafuu za mtu ambaye walikuwa hawasemezani mwezi mzima. Jioni yule bibi akaja na bakuli la mchuzi wake, akaliweka mlangoni, akaondoka bila ya kubisha hodi. Yakaisha.

Zikikauka mzee anachukua moja anaivunja karibu na sikio, ikilia ta, basi zinaingia ghalani. Polo tatu mbichi unapata kama moja kavu hivi. Ghalani ndiko kwenye mizani, na hapa nataka mliowahi kuingia mkumbuke kile chuma kilichopinda kama ndoana kinachoning'inia kwenye boriti ya katikati. Mizani yenyewe ilishapotea hatujui iko wapi ila ndoana ipo, na sasa ndiyo tunayotundikia taa ya chuo. Mtoto anasoma juzuu amma chini ya ndoana ambayo babu yake alisimama akiomba dua kilo zitimie.

Wachumaji walitoka mbali. Wengine walikuja kwa meli kutoka Unguja, Makunduchi huko na Nungwi, wengine bara kabisa, wanakaa kambi miezi mitatu, wanalipwa kwa pishi. Watoto wa skuli nao waliwahi kuletwa kambini kuchuma, muulizeni mzee yeyote aliyesoma miaka ya sabini atakuonyesha kovu. Wachumaji wengine hawakurudi makwao, walioa hapa, na mtaani petu kuna nyumba nne ninazozijua zilianzia msimu wa karafuu.

Kisha miaka ya themanini bei ikaanguka. Indonesia ambao ndio walikuwa wanunuzi wakubwa kwa ajili ya sigara zao za karafuu walikuwa wamepanda mikarafuu yao wenyewe mingi, wakajitosheleza, na sisi huku tukabaki na polo zetu. Baba yangu alichukua mwaka mzima bila ya kupalilia shamba. Hakusema kitu, alikuwa akitoka asubuhi na panga anarudi adhuhuri na panga lile lile safi. Vijana wakaanza kuondoka, mwanzo mmoja mmoja, baadae kila boti. Mikarafuu mizee ikafa, mingine ikakatwa kuni, na mkarafuu mchanga unataka miaka sita saba mpaka ukupe kitu, nani angengoja? Habari za magendo ya usiku kuelekea Kenya siziandiki hapa, wenyewe mnajijua.

Ghala likafungwa. Sakafu ikawa pa kuchezea mpira wa makaratasi, kuanikia muhogo, kuwekea maulidi na arusi, na maiti wengi wa mtaa huu walisaliwa hapo msikiti ulipokuwa unajengwa. Chuo kikahamia ghalani kwa muda, kwa muda wenyewe huo ndio mwaka wa ishirini na kitu sasa. Mwaka 2011 serikali ilipopandisha bei watu walirudi mashambani, miche ikapandwa, na mpaka leo msimu ukiwa mzuri utaona karafuu zimeanikwa hadi pembezoni mwa lami. Pembezoni mwa lami, gari zinapita, vumbi, mbuzi, mana sakafu imepasuka haifai. Kwahiyo si mambo ya makumbusho tu haya, tukiitengeneza sakafu kuna watu kama thalathini mtaani wataanika hapo msimu huu huu.

Sasa hesabu, na hapa naomba msome pole pole mana ndipo pana maneno.

Bati 90 za geji 28 ni milioni 2 na laki 9. Mbao, kenchi na misumari milioni 2 na laki 7, boriti za katikati tunaziacha zile zile, fundi kazigonga kasema ni za mti wa zamani hazina mchwa. Saruji, kokoto na mchanga milioni 2 na laki 6, na msishangae, mchanga siku hizi ni wa kibali na bei yake mnaijua. Fundi na vibarua milioni 2 na laki 2, usafiri laki 3. Kisha laki 7 za taa za sola pamoja na kabati moja la kufunga na funguo, hilo kabati nitalisema hapo chini. Jumla milioni 11 na laki 4. Tulizonazo mkononi ni milioni 2 na laki 3, nyingi zake wametoa wanawake wa mtaani, elfu mbili mbili kila Ijumaa tangu mfunguo mosi, wengine ni wauza mandazi na samaki wa kukaanga. Wanaume wenzangu tuko nyuma, nasema kweli tu. Zimebaki milioni 9 na laki 1.

Yuko mheshimiwa mmoja, simtaji, alikuja wakati wa kampeni akasimama juu ya ile sakafu akaahidi mifuko mia ya saruji. Tulimpigia makofi. Tumeacha kungoja.

Najua pia kuna wanaokumbuka mchango wa kisima, pesa zilichangwa na kisima hakikuonekana. Mna haki ya kuuliza, mimi mwenyewe nilitoa na mimi mwenyewe niliuliza nikaambiwa nina fitna. Kwa hiyo safari hii tumefanya hivi: akaunti ni ya benki na inahitaji saini tatu, moja ni ya mwanamke kutoka kikundi cha Ijumaa na huyo hatishiki na mtu. Kila Alkhamisi risiti zinapigwa picha zinawekwa kwenye grupu, hata ya misumari. Namba ya akaunti anayo katibu na imebandikwa mlangoni mwa msikiti na kwa sheha, mtu mwengine yeyote akikutumia namba kwenye simu akakwambia hii ndiyo mpya, usitume, piga kwanza. Na wanaouliza kiwanja cha nani, karatasi ziko kwa sheha zimeandikwa ni cha mtaa, mwenye kutaka kuziona aje azisome.

Habari ya kabati. Mwaka huu peke yake tumezika wazee watatu waliokuwa wakijua mambo ya ghala lile kuliko sote. Mmoja alikuwa akikumbuka majina ya wenye mashamba wote kuanzia Limbani mpaka Bopwe na kila mmoja alikuwa na mikarafuu mingapi, tulikuwa tukimcheka kwamba anahesabu miti ya watu, leo hakuna wa kumuuliza. Vijana wa skuli wameanza kuwarekodi kwa simu wale waliobaki, na mmoja wao ni bibi ambaye alikuwa mpimaji wa pishi, ukimpa mchele mpaka leo anakwambia vibaba vingapi kwa kuutazama tu, kisha unapima na kweli. Tunataka hizo sauti ziandikwe kwenye madaftari, na madaftari yawekwe humo humo ghalani, pamoja na picha. Hapa msiokuwa na pesa mnatufaa vile vile. Angalieni kwenye masanduku ya mama zenu, picha yoyote ya msimu wa karafuu, ya arusi kwenye sakafu, ya mtu kashika ngowe ya kuvutia matawi au kapanda ngazi, cheti cha kuuzia karafuu, chochote, msitupe. Piga picha ututumie, ya asili baki nayo wewe.

Atakayetoa elfu moja ni mchango, atakayetoa bati moja ni mchango, na mlioko nje mnaoweza kukusanyana watu watano mkachukua upande mmoja wa paa, semeni tuwaandikie upande gani. Ndugu zetu wa Dar washachukua upande wa bandarini, kwahivyo Maskati mkitaka huo mmechelewa, umebaki wa kibla ambao ndio unaovuja zaidi.

Kazi ya kwanza haingoji pesa. Jumapili hii inayokuja baada ya sala ya alfajiri tunakwenda kung'oa majani kwenye nyufa na kukata ule mzizi, mwembe wenyewe hatuukati, fundi kasema utaishi. Kuna kona moja ya sakafu, ya kushoto ukitokea njiani, ina alama ya kwato za mbuzi aliyepita saruji ikiwa mbichi na pembeni yake unyayo wa mtoto aliyekuwa akimkimbiza. Fundi ameshaambiwa hapo pasiguswe. Huyo mtoto yuko hai, ana mjukuu, na ndiye atakayepika chai na muhogo wa nazi siku hiyo. Mwenye jembe aje na jembe, asiye nalo aje na kikombe chake, vikombe ni vichache.