Daktari wa chumvi

Mama Rehema wangu,

Juzi kwenye simu umeniuliza "we bado tu unasomea chumvi?" nikacheka mpaka boda akageuka kuniangalia. Ndio bado, mwaka wa 12 huu, na mama anawaambia watu wa kanisani mimi ni daktari wa chumvi.

Unajua pale Katwe, Kasese, magharibi mwa Uganda, ziwa limekaa ndani ya shimo la volkano, maji yanaingia hayana pa kutokea, jua linayanywa chumvi inabaki. Na harufu yake ni ya yai viza, utazoea. Wanaume wanaingia majini wanavunja chumvi ya mawe kwa mtaimbo, wanawake wana mabwawa yao ya matope kandokando, mengine wamerithi kwa mama zao. Yule bibi ninayefikia kwake, asubuhi anakuta bwawa limeshika utando mweupe, anaupiga kwa kiganja uzame, anasema ukiuacha unafunika maji kama kifuniko cha sufuria na jua halipati pa kupita. Mi nilienda na vipimo vyangu vya joto, yeye anachovya kidole, analamba, "bado siku mbili", na kweli siku mbili! Halafu inyeshe mvua moja tu, kazi ya wiki nzima imeyeyuka, anatukana mawingu kwanza ndio anaanza upya.

Hapohapo kuna kiwanda walichojenga Wajerumani, cha miaka ya 70 hadi 80, mabomba yakaliwa na chumvi ileile, sasa ni gofu la kutu. Wageni wote wanapiga picha gofu, mabwawa wanayapita tu, na hapo chumvi inavunwa tangu kabla ya Kabalega, yule mfalme wa Bunyoro wa karne ya 19.

Mwanzoni nilijiharibia, nazunguka na daftari namuuliza kila mtu unapata shilingi ngapi, wakadhani mtu wa kodi huyu, wote wakasema hatupati kitu na mimi nikaandika hivyohivyo, sura nzima ya utafiti wangu ikaenda na maji. Nilipoanza kuwasaidia kubeba magunia mpaka kwenye lori za wanunuzi wa Kongo ndio bei nikazisikia, wanagombana mbele yangu hata hawanikumbuki.

Sasa wafadhili wanataka nihamie "ubunifu", sijui ndio mdudu gani. Sihami.

Kuna mtu anakuja Arua Ijumaa, nimempa bonge la chumvi. Ni ya ng'ombe wa mzee hiyo, usije ukaitia kwenye mchuzi.

Wako,
Biira