Risala ya Kikundi cha Kutunza Magofu ya Kilwa Kisiwani kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa kijiji, wazee wetu, mabibi na mabwana,

Assalaam alaykum. Tunakushukuru sana kwa kuvuka maji na kuja kukaa nasi hapa Husuni Kubwa.

Mheshimiwa, historia hatutakuchosha nayo. Jumba hili lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane ni kazi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, wa karne ya 14. Ndiye aliyeupanua Msikiti Mkuu kwa kuba na matao, na ndiye ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331 akamsifu kwa ukarimu. Mwaka 1981 magofu haya na ya Songo Mnara yaliingia katika Urithi wa Dunia. 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na 2014 yakaondolewa kwenye orodha hiyo ya hatari.

Kikundi chetu kimepanda mikoko, kimeng'oa mizizi kutani na kufyeka njia hadi msikitini. Kwa mafanikio haya makubwa, sisi ni mfano wa kuigwa nchi nzima.

Mheshimiwa, shida yetu ni boti. Chokaa, mbao na mafundi, vyote vinavuka kutoka Kilwa Masoko kwa mashua ya kukodi. Kusi ikikaza, maji yanaingia chomboni. Chokaa iliyotoka tanurini ikiguswa na maji inachemka palepale, mifuko inapasuka, na mabaharia hawana budi kuimwaga baharini kabla haijawaunguza. Fundi anakaa siku nzima chini ya ukuta uliopasuka, na posho yake tunamlipa.

Ombi hili, kwa heshima zote, si geni. Mgeni rasmi mmoja alituahidi boti papo hapo uliposimama, akina mama wakapiga vigelegele. Aliyemfuata aliahidi kulifuatilia. Tuliandika barua, tukaambiwa tusubiri bajeti, bajeti imepita. Kijana tuliyemchangia akasomee unahodha amerudi na cheti, sasa anavua pweza.

Tunaomba boti ya fiba yenye mashine, iweze kubeba tani mbili, pamoja na majaketi ya kujiokolea. Mafuta na matengenezo tutabeba wenyewe. Na tunakuomba sana, Mheshimiwa, ututajie leo mbele ya wananchi mwezi itakapofika na ofisi tutakayoifuata. Katibu wetu ameshika kalamu.

Tunaomba kuwasilisha.